Uanze na Milton, Overton, Winstanley au kitabu cha mfalme? Vijitabu vya Uingereza vya miaka ya 1640 mezani pamoja

Kuna swali naulizwa sana na watu wanaosoma historia, sheria, fasihi, hata theolojia: nataka kusoma vile vijitabu vya dini na siasa vilivyochapwa Uingereza enzi za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Mfalme Charles I na Bunge, nianze na kipi? Walimu wengi jibu lao ni moja tu, anza na Areopagitica ya John Milton, kwa sababu jina ni kubwa na ndo kinachotajwa kila mtu akiongelea uhuru wa kuchapa na kusema. Mi sikubaliani kabisa. Nimeona watu wakianza na Milton, wanafika ukurasa wa tano wanaishiwa pumzi, wanaamini vijitabu vyote vya zama zile viko hivo, vizito na vimejaa Wagiriki, basi hawarudi tena. Wakati hapohapo London, miaka hiyohiyo, kuna mtu kaandika akiwa gerezani kurasa chache tu ambazo mpaka leo ukizisoma unasisimka. Kwahiyo naviweka vinne mezani, navilinganisha, afu uchague mwenyewe kutokana na unachotafuta.

Kwanza mazingira, maana bila hayo hata ukichagua vizuri utapotea. Toka 1557 kazi ya kuchapa Uingereza ilishikwa na chama cha wafanyabiashara wa vitabu cha London, Stationers' Company, wao ndo wenye haki ya kuchapa na wao ndo wenye ruhusa ya kuingia kwenye nyumba ya mtu kusaka mashine za siri. Juu yao kuna watu wa maaskofu wanaosoma kitabu kabla hakijachapwa, na juu ya wote kuna mahakama ya mfalme iliyoitwa Star Chamber. Mwaka 1637 mahakama hiyo ikatoa amri kwamba wenye mitambo ya kuchapa wasizidi 20, ukiacha wachapaji wa mfalme. Mwaka huohuo mwanasheria William Prynne akakatwa masikio kwa mara ya pili, maana mara ya kwanza ilikuwa 1634 na vilibaki vipande, safari hii wakamalizia vile vipande na kumchoma mashavu kwa chuma cha moto, herufi mbili za kumtangaza kuwa ni mchochezi. Kosa lake ni kuandika. Alisimamishwa hadharani pamoja na mchungaji Henry Burton na daktari John Bastwick, na wote watatu wakapoteza masikio.

Sasa 1641 Bunge likaifuta Star Chamber na ghafla hakuna wa kumzuia mtu. Kila mwenye mashine anachapa, kila mwenye hoja anaandika, wahubiri, mafundi viatu, askari, wanawake wenye maombi yao kwa Bunge. Tunajua hali ilivyokuwa kwa sababu ya mtu mmoja, George Thomason, muuza vitabu mwenye duka kwenye uwanja wa kanisa la St Paul's, ambaye kuanzia 1640 mpaka 1661 alikuwa anakusanya karibu kila kilichotoka. Alifikisha kama vitu 22,000, na kwenye vingi akaandika kwa kalamu yake tarehe kilipomfikia mkononi. Mwaka 1642 peke yake aliweka karibu 2,000. Mkusanyo wake uko British Library na ni hazina hasa, maana kwa vijitabu vingi ile tarehe ya wino ndo inatuambia kilitoka wiki gani, kabla au baada ya vita fulani, kabla au baada ya mtu fulani kukamatwa.

Halafu Juni 1643 Bunge lilelile lililoifuta Star Chamber likarudisha leseni. Hakuna kuchapa bila kibali. Hapo ndo Milton anaingia.

Milton au Overton?

Areopagitica ilitoka Novemba 1644. Mwaka mmoja nyuma Milton alikuwa amechapa kitabu cha kutetea talaka, wahubiri wakakasirika, na Agosti 1644 mmoja wao alisimama mbele ya Bunge kwenye mahubiri akasema kitabu hicho kinastahili kuchomwa. Milton akajibu kwa kuandika hotuba, imeandikwa kama vile anasimama anawahutubia wabunge ila hakuwahi kuisema popote, ni ya kuchapwa tu. Na akaichapa bila leseni, jina lake mwenyewe liko juu, jina la mchapaji halipo.

Kwa hoja, kitabu hiki ni kikubwa kweli na simwambii mtu asikisome. Anasema kuua kitabu kizuri kunakaribia kuua mtu, kwa sababu ndani ya kitabu kuna akili iliyohifadhiwa. Anasema wema ambao haujawahi kukutana na ubaya ukaushinda sio wema wa kusifia. Anauliza, hivi huyo mkaguzi anayesoma kila kitu kabla hakijatoka, yeye ni nani asiyekosea? Afu anasimulia kwamba alipokuwa Italia alimtembelea Galileo, mzee tayari, yuko chini ya ulinzi wa Kanisa kwa sababu ya kufikiri tofauti kuhusu nyota. Sehemu hiyo ni fupi sana, ukikurupuka unaipita, lakini ndo moyo wa kitabu kizima: kijana Mwingereza kaenda nchi ambayo wasomi wake walikuwa wanamwambia nyie mna bahati mna uhuru, na sasa yuko nyumbani anaona leseni imerudi.

Shida yake ni mbili. Ya kwanza ni lugha. Sentensi za Milton zinaweza kushuka mistari kumi na zaidi bila nukta, kitenzi chenyewe kimejificha huko mwisho kama Kilatini, na kila ukurasa kuna mtu wa Athens au Roma ambaye anategemea unamjua. Alikuwa anawaandikia wabunge waliosoma, watu wa aina yake. Ya pili ni kwamba uhuru wake una mipaka ambayo watu wanaomnukuu hawaisemi. Wakatoliki hawamo, anasema wazi kwamba yeye hawezi kuwavumilia hao. Na hakatai kitabu kibaya kuchomwa, anachokataa ni kukizuia kabla hakijazaliwa, kikishatoka kikaonekana kina madhara na hakina jina la mwandishi wala mchapaji basi moto na mnyongaji ni sawa. Miaka michache baadaye, akiwa mtumishi wa serikali ya jamhuri iliyoshika baada ya mfalme kuuawa, jina lake likaonekana kama mtu wa kuidhinisha gazeti la serikali. Siyasemi haya kumchafua, nayasema ili ukianza kumsoma ujue unasoma mtu mwenye hoja yake mahususi na usitegemee katiba ya haki za binadamu.

Sasa weka pembeni yake Richard Overton. Huyu ni wa kundi la Levellers, watu waliotaka malodi (wakuu wa baraza la juu la Bunge) na mfalme waondolewe mamlaka ya kumfunga raia bila sheria, na watu wa kawaida wapige kura. Agosti 1646 malodi walimkamata kwa ajili ya kijitabu chake, akakataa kujibu maswali yao, akasema nyinyi malodi hamna mamlaka ya kumhukumu raia wa kawaida, wakampeleka Newgate. Kutoka humo gerezani akaandika An Arrow against all Tyrants, mshale dhidi ya madhalimu wote, Thomason akakipata Oktoba 1646.

Angalia ukurasa wake wa mbele tu. Anajiita mpiga mshale wa malodi, anasema mshale umerushwa kutoka gereza la Newgate kuingia kwenye matumbo ya baraza lao. Chini, mahali ambapo sheria inataka jina la mchapaji na duka, kimeandikwa kwamba kimechapwa nyuma ya milima ya majitu yenye jicho moja, na Martin mwenye makucha ya kuwaparura makasisi, na kinauzwa kwenye duka lenye alama ya Uhuru wa Raia, mkabala kabisa na mahakama ya mateso. Yaani hata mahali pa anwani pamekuwa hoja. Na jina hilo la Martin hakulichagua ovyo, nitalirudia chini.

Ukifungua ndani, mstari wa kwanza unaanza bila salamu ndefu: kila mtu kwa maumbile amepewa umiliki wa nafsi yake, na hakuna mwenye haki ya kuuvamia. Bila hiyo, anasema, mtu asingeweza kuwa yeye mwenyewe. Kisha anaendelea kwamba kila mtu kwa maumbile ni mfalme, kuhani na nabii ndani ya eneo lake, na hakuna anayeweza kushika sehemu ya mamlaka hayo isipokuwa kwa kukabidhiwa na mwenyewe kwa hiari yake. Soma tena hiyo. Huu ni mwaka 1646, mfalme bado yuko hai, na anayeandika ni mfungwa. Ni barua kwa mbunge Henry Marten, lakini unaona kabisa kwamba msomaji anayemlenga ni yule anayenunua kijitabu mtaani. Hawaombi wabunge, anawakumbusha kwamba wametumwa na wananchi, mamlaka yao ni ya kukopeshwa na yanaweza kudaiwa.

Ni kama nusu ya urefu wa Milton. Kiingereza chake ni kikali, kina matusi, kina maneno ya kisheria, lakini kinaenda. Na Biblia yake sio ya kujionyesha, mtu yeyote aliyekulia kanisani atazitambua zile sauti mara moja.

Kwa upande wa udhaifu, Overton anarukaruka. Nusu ya pili ya kijitabu ni madai ya kesi yake na ya mwenzake John Lilburne, majina ya maofisa, tarehe za kukamatwa, kama hujui nani ni nani unaweza kuchoka. Ruka, haina shida. Na usimchukulie kama mwanafalsafa aliyekaa akapanga mfumo, anapigana na kila hoja ameichukua kwa ajili ya pambano lile.

Kwahiyo kati ya hawa wawili, msomaji wa kwanza namwambia Overton kwanza, Milton wa pili. Sababu ni kwamba ukimaliza Overton unajua tayari ni nini kilikuwa kinaendelea gerezani na mtaani, na ukifika kwa Milton zile sentensi ndefu zina mwili, unamwona mtu anayewaambia wabunge mkiendelea hivi mtawafunga watu kama hawa. Ukianza na Milton, Overton anaonekana kama mpiga kelele, na hilo ni kumdhulumu.

Na ukisoma Overton, tafadhali usiache ombi la mkewe. Mary Overton alikamatwa Januari 1647 akiwa anashona karatasi za kijitabu, maana vijitabu havikuwa na jalada, vilishonwa uzi tu ubavuni na kuuzwa hivohivo. Akakataa kutembea kwenda jela kwa miguu yake, wakamburuta mitaani akiwa na mtoto mchanga mikononi mpaka Bridewell, jela ya watu waliochukuliwa kuwa malaya, wazururaji na wezi. Ombi lake kwa Bunge lilichapwa 1647. Mume naye alishasimulia ya kwake, kwamba alipoburutwa kwa kukataa kutembea alikuwa amekumbatia kitabu cha mwanasheria Edward Coke kinachofafanua Magna Carta, ile hati ya kale ya haki za Waingereza, wakampiga mpaka wakamnyang'anya. Ukizisoma hizo mbili pamoja, unaelewa kwamba kwa familia hii kijitabu kilikuwa kazi ya nyumba nzima, mmoja anaandika, mwingine anashona, wote wanalipia.

Winstanley au kitabu cha mfalme?

Hawa wawili wametoka mwaka mmoja, 1649, na huwezi kupata vitabu vinavyopingana zaidi ya hivi.

Charles I alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Karibu siku hiyohiyo kikaanza kuuzwa kitabu kidogo kinaitwa Eikon Basilike, kinadai ni maneno ya mfalme mwenyewe, sala na tafakari zake akiwa kifungoni. Ndani ya mwaka huo kikachapwa tena na tena, zaidi ya matoleo 30 ya Kiingereza, wakati serikali mpya inajaribu kukizima. Ukikifungua, kabla ya maneno kuna picha aliyoichonga William Marshall: mfalme amepiga magoti, mkononi ana taji la miiba, miguuni kuna taji la dunia amelitupa, na macho yake yanatazama juu kwenye taji la mbinguni. Nje dirishani kuna mtende ulioning'inizwa mizigo na bado unakua, na mwamba baharini unapigwa na dhoruba. Mtu asiyejua kusoma kabisa angeielewa picha ile, huyu sio dhalimu aliyeuawa, ni shahidi wa imani. Mi naamini hiyo picha ilimsaidia mfalme kuliko jeshi lake lote.

Maneno yenyewe ni laini. Sura 28, karibu kila sura tukio moja la utawala wake, anajieleza kwa upole, anasamehe adui zake, kisha inafunga kwa sala iliyojengwa kama Zaburi. Ni rahisi kusoma kuliko vyote kwenye orodha hii. Lakini baada ya ufalme kurudi 1660, kasisi John Gauden alidai kwamba yeye ndo aliyeandika, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kalamu yake, labda akitumia karatasi za mfalme. Kwahiyo ukikisoma, usikisome peke yake. Serikali ilimpa Milton kazi ya kukijibu, na Oktoba 1649 akatoa Eikonoklastes, anakwenda sura kwa sura anabomoa. Ndani yake anafichua kwamba sala mojawapo iliyowekwa kwenye baadhi ya matoleo kama sala ya mfalme imenakiliwa kutoka kwenye riwaya ya Philip Sidney, tena ni sala ya mwanamke wa kipagani kwenye hadithi ya mapenzi. Hoja ni kali sana. Na haikusaidia kitu, watu waliendelea kumlilia mfalme wao. Ufalme uliporudi kitabu cha Milton kikachomwa na mnyongaji.

Upande wa pili wa meza kuna Gerrard Winstanley. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo London, akafilisika 1643 vita vilipoharibu biashara, akahamia vijijini Surrey kuchunga ng'ombe. Aprili 1649, miezi michache tu baada ya mfalme kuuawa, yeye na wenzake wachache wakapanda kilima cha St George's Hill wakaanza kulima ardhi ya pamoja bila kumwomba mtu, wakapanda karoti na maharage. Mwezi huohuo wakatoa The True Levellers Standard Advanced kueleza kwa nini. Hoja ni fupi kuliko zote: Muumba aliifanya dunia kuwa hazina ya wote, na hakuna neno lililosemwa mwanzoni kwamba sehemu moja ya wanadamu itawale nyingine. Ardhi iliporwa kwa upanga wa William mshindi mwaka 1066, na wenye mashamba wa sasa ni warithi wa maofisa wake. Sasa kwa kuwa mfalme wa mwisho wa ukoo huo ameondoka, anauliza, mbona ardhi haijarudi?

Msomaji wa kwetu Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa hapo. Mtu ambaye babu yake aliambiwa shamba hili sio lako tena kwa sababu ya karatasi aliyoandikiwa mtu mwingine, atasoma Winstanley kama anaongea na jirani. Ni hoja ya ardhi moja kwa moja, imeandikwa na mchungaji wa ng'ombe, kwa lugha ya mahubiri.

Na kwa hilo pia kuna tahadhari. Winstanley ni mtu wa maono. Anasema alisikia sauti ikimwambia fanyeni kazi pamoja, kuleni mkate pamoja. Anasoma Mwanzo na Ufunuo kama mafumbo, Kaini na Habili ni ndugu mkubwa na ndugu mdogo wa leo, joka ni mamlaka ya wanaowakandamiza wengine. Ukitafuta hoja ya kisheria kama ya Overton huipati. Ukitaka mpango wa serikali, subiri kitabu chake cha 1652, The Law of Freedom, alichomwandikia mkuu wa jeshi Oliver Cromwell, ila hicho ni kirefu na kimepoa. Makazi yao hayakudumu, waliposukumwa kutoka kilimani wakahamia karibu na Cobham, na kufikia Aprili 1650 nyumba zao zilichomwa na mimea ikaharibiwa.

Kati ya hivi viwili, kama unataka kuelewa kwa nini mapinduzi yale yalishindwa kuwashika watu wa kawaida, soma kitabu cha mfalme. Kama unataka kujua mapinduzi yale yangeweza kufika wapi, soma Winstanley. Mi moyo wangu uko kwa Winstanley, sifichi, lakini mwanafunzi wa historia anayeandika tasnifu na hajafungua Eikon Basilike hajajiandaa, kwa sababu kwa mauzo kile ndo kitabu kilichoshinda mwaka ule.

Vingine ambavyo watu hunitajia

Vijitabu vya Martin Marprelate, vya 1588 na 1589, ndo vinampa Overton yule Martin wake. Ni saba vilivyobaki, vilichapwa kwa mashine iliyokuwa inahamishwa nyumba hadi nyumba usiku, vinawacheka maaskofu wa Malkia Elizabeth I kwa majina, mpaka mashine ikakamatwa karibu na Manchester Agosti 1589. Ni vitamu lakini sivipendekezi kwa mtu anayeanza, utani wake umekaa kwenye majina ya watu na mambo ya siku zile, kila mstari wa tatu unahitaji maelezo. Rudi baadaye.

Kitabu cha mashahidi cha John Foxe, toleo la kwanza la Kiingereza 1563, hicho sio kijitabu, ni jiwe, kurasa kama 1,800 kubwa na picha za watu wakichomwa moto enzi za Malkia Mary I, aliyekuwa Mkatoliki. Kama wewe ni mtu wa kanisa na unataka kujua kwa nini Waingereza waliwaogopa Wakatoliki kiasi kile, soma sehemu ya maaskofu Latimer na Ridley waliochomwa Oxford Oktoba 1555 na uishie hapo kwa kuanzia. Thomas Edwards na Gangraena yake ya 1646 ni wa upande wa Wapresbiteri waliokasirika, ni orodha ndefu ya mafundisho potofu ya madhehebu yote anayoyachukia, na inasaidia sana kwa sababu moja, bila yeye tusingejua nusu ya yale waliyokuwa wakiyasema watu wadogo makanisani. Na John Bunyan, ambaye hadithi yake ya Mkristo anayesafiri kwenda mji wa mbinguni imeshatafsiriwa kwa Kiswahili toka zamani na wengi tumeisoma tukiwa wadogo, naye ni mtoto wa wakati huu, alikuwa askari wa upande wa Bunge na akakaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Kama ulimpenda Bunyan, Winstanley hatakusumbua hata kidogo.

Usome picha za kurasa au maandishi yaliyopigwa chapa upya?

Hili nalo watu huchagua vibaya. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni picha za kurasa zenyewe, kwenye Early English Books Online, ambazo msingi wake ni filamu ndogo zilizoanza kupigwa miaka ya 1930 na kampuni ya Ann Arbor kule Michigan. Hii inalipiwa na vyuo, kwahiyo uliza maktaba yako kwanza. Ya pili ni maandishi yaliyochapwa upya herufi kwa herufi na watu wa mradi wa Text Creation Partnership, maandishi ya kwanza kama 25,000 yaliachiwa bure Januari 2015, na baadaye yakafika kama 60,000. Haya unasoma kwenye simu bila kulipa. Ya tatu ni matoleo ya kisasa yenye tahajia mpya na maelezo chini ya ukurasa.

Kwa Milton nasema bila kusita, toleo la kisasa lenye maelezo, la sivyo wale Wagiriki watakumaliza. Kwa Overton na Winstanley, maandishi ya bure yanatosha kabisa, ila fungua picha ya ukurasa wa mbele hata mara moja, kwa sababu kwenye maandishi matupu ule utani wa anwani unaonekana kama mstari wa kawaida, wakati kwenye picha unaona ukubwa wa herufi, neno gani wamelipiga kubwa na lipi dogo. Kwa kitabu cha mfalme, picha ni lazima, kukisoma bila ile picha ya Marshall ni kukisoma nusu.

Mambo matatu yatakusumbua mwanzoni kwenye picha na yataisha baada ya kurasa chache. Herufi s mara nyingi ni ndefu na inafanana na f, ile ya mwanzoni au katikati ya neno. Kwenye vitabu vya zamani kidogo u na v zimebadilishana nafasi. Na mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, ndo maana matoleo ya kwanza ya Eikon Basilike yana mwaka 1648 wakati mfalme aliuawa Januari ambayo sisi tunaita ya 1649. Wanafunzi wengi wameandika tarehe mbovu kwenye tasnifu zao kwa sababu ya hiyo.

Basi nani achukue nini

Wewe wa sheria au uanahabari, Overton leo, Milton wiki ijayo, na ukifika kwa Milton angalia hasa anavyotofautisha kuzuia kabla na kuadhibu baada, mabishano ya sheria za habari bado yanazunguka palepale. Wewe wa theolojia, Winstanley kwanza na Foxe vipande, kisha Edwards ili uone aliyewapinga alikuwa na hofu gani. Wewe wa fasihi, Eikon Basilike na Eikonoklastes pamoja, sura kwa sura, hakuna darasa zuri la namna ya kujenga na kubomoa sauti ya mtu kama hilo. Wewe ambaye huna chuo wala mtihani, una simu tu na hamu ya kusoma, An Arrow against all Tyrants, nusu ya kwanza, polepole, kwa sauti kama unaweza, maana vijitabu hivi vilisomwa kwa sauti kwenye vilabu na mitaani kwa wasiojua kusoma.

Na mkiwa kikundi, msisome kitabu kimoja wote. Mmoja achukue mfalme, mmoja Winstanley, mmoja Overton, mmoja Milton, kila mtu aje atetee wa kwake kwa dakika kumi bila kumlaumu. Anayepewa mfalme atalalamika, mpeni hivohivo, na awe msomaji wenu mzuri kuliko wote.